Pango la mwaka si ushahidi wa kipato cha mpangaji

Na Mwandishi Wetu

MTU anayetafuta nyumba ya kupanga jijini Dar es Salaam huulizwa mambo mengi kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Ataulizwa kama ameoa au ameolewa, ana watoto wangapi, ametokea mkoa gani, na pengine anasali wapi. Swali ambalo lingepaswa kutangulia yote hayo, yaani anapata kiasi gani kwa mwezi na fedha hizo zinatoka wapi, huulizwa kwa mzaha au haliulizwi kabisa. Badala yake mwenye nyumba hutaja sharti lake: pango la miezi sita, au la mwaka mzima, taslimu.

Sharti hilo limelalamikiwa kwa miaka mingi. Limefika bungeni zaidi ya mara moja, limejadiliwa redioni, na kila msimu wa kuhama linarudi vijiweni. Katika mijadala yote hiyo wenye nyumba huonekana kama watu wenye tamaa tu. Hapana shaka wapo wenye tamaa. Lakini kwa wengi wao, hasa wale wenye nyumba moja au mbili, pango la mwaka ndicho kipimo pekee wanachokijua cha kupima uwezo wa mpangaji. Hawana njia nyingine ya kumjua mtu waliyeletewa na dalali jana jioni. Kasoro iko kwenye kipimo chenyewe, kwa kuwa kinapima kitu kingine kabisa.

Tuchukue mfano wa nyumba ya vyumba viwili Tabata inayopangishwa kwa Sh250,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka mwaka mzima, yaani Sh3,000,000, na dalali anataka pango la mwezi mmoja kama ujira wake. Siku ya kuhamia, mpangaji anapaswa kuwa na Sh3,250,000 mkononi. Wanajitokeza waombaji wawili. Wa kwanza ni muuguzi wa hospitali binafsi ambaye kila mwisho wa mwezi hubaki na Sh900,000 baada ya makato, na ana akiba ya Sh800,000. Wa pili hana kazi ya kueleweka, ila ameuza kiwanja mwezi uliopita.

Kwa kipimo cha pango la mwaka, muuguzi ameshindwa na muuza kiwanja amefaulu. Mwenye nyumba atalala usingizi kwa miezi 12. Mwezi wa 13 ndipo atakapogundua kwamba kile alichokiona kilikuwa fedha za siku moja, wakati mtu aliyemkataa ndiye aliyekuwa na uwezo wa kumlipa mwezi hadi mwezi kwa miaka kadhaa mfululizo.

Hali ni mbaya zaidi pale mpangaji anapopata fedha hizo kwa kukopa. Anayekosa Sh3,000,000 za mkupuo huenda kwenye kikoba, kwa mwajiri, au kwa wakopeshaji wa mitaani ambao wananchi wenyewe wamewapa jina la "kausha damu". Wengine hukopa kupitia simu. Itakumbukwa kuwa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za kukopesha zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Mpangaji wa namna hiyo anahamia akiwa amelipa pango kikamilifu, huku kipato chake cha mwaka unaofuata kikiwa tayari ni mali ya mtu mwingine. Mwenye nyumba aliyedhani amejikinga dhidi ya mdaiwa, amemwingiza ndani mdaiwa wa wengine.

Ili kuelewa tumefikaje hapa, ni vyema kukumbuka kwamba uhusiano kati ya mwenye nyumba na mpangaji nchini ulisimamiwa kwa karibu sana na Serikali. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962. Mwaka 1971 majengo yaliyokuwa na thamani ya zaidi ya Sh100,000 yalitaifishwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake ziliunganishwa na za Shirika mwaka 1990. Kwa nyumba za watu binafsi ilikuwapo Sheria ya Kudhibiti Pango ya mwaka 1984, iliyokuwa na mabaraza yake na utaratibu wa kuweka kiwango halali cha pango. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo, kiasi cha pango na muda wa kulipa kabla vimeachwa kwenye makubaliano ya pande mbili, na katika mji wenye watu 5,383,728 kwa mujibu wa sensa ya 2022, kila mmoja anajua ni upande upi wenye sauti wakati wa kukubaliana.

Hata hivyo, mwenye nyumba naye ana hofu zake. Mpangaji akigoma kulipa na akagoma kutoka, njia halali ni kufungua shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, mabaraza yaliyowekwa na sheria ya mwaka 2002 kuhusu mahakama za migogoro ya ardhi. Shauri lina gharama, lina kuahirishwa, lina wakili, na wakati wote huo chumba kimekaliwa. Ndiyo maana tunasikia visa vya wenye nyumba kung'oa milango au kuezua mabati ili kumtoa mtu, vitendo ambavyo vinaweza kumfanya mwenye nyumba mwenyewe awe mshtakiwa. Kwa mjane au mstaafu anayeishi kwa pango la vyumba vinne vya uani, miezi minne bila malipo ni suala la chakula.

Tusijidanganye pia kwamba hofu ndiyo sababu pekee. Pango la mwaka ni mkopo usio na riba. Wako wenye nyumba wengi ambao fedha za wapangaji wa Januari ndizo zinazolipa ada za shule, na za wapangaji wa Julai ndizo zinazonunua saruji na nondo za nyumba ya pili. Mikopo ya nyumba ya benki ilitungiwa sheria maalumu mwaka 2008, lakini bado haijamfikia mwenye kibanda cha Mbagala au Kigogo. Mtu wa aina hiyo hata ukimthibitishia kipato chako kwa nyaraka zote, bado atataka mkupuo, kwa kuwa anachotafuta ni mtaji. Huyu uthibitisho wa kipato hautambadilisha, na ni haki kulisema hilo mapema. Anayeweza kubadilika ni yule anayedai mwaka mzima kwa sababu ya woga, na wa aina hiyo si wachache.

Zipo nchi zilizojaribu njia ya mkato, yaani kupiga marufuku. Ghana ina sheria ya pango ya mwaka 1963 inayomzuia mwenye nyumba kudai malipo ya kabla yanayozidi miezi sita. Zaidi ya miaka 60 baadaye, wapangaji wa Accra bado wanaombwa mwaka mmoja, miwili na hata zaidi. Jimbo la Lagos nchini Nigeria lilipitisha sheria yake mwaka 2011, likikataza mpangaji mpya kudaiwa pango linalozidi mwaka mmoja; huko nako malalamiko hayajaisha. Sheria inapomwambia mwenye nyumba asidai kitu fulani bila kumpa njia mbadala ya kumjua mpangaji, pande zote mbili huishia kuivunja kimya kimya, kwa sababu mpangaji anayetishia kushtaki hukosa nyumba kabla hajafika barazani. Mwaka 2023 Serikali ya Ghana ilianza mpango wa kuwakopesha wapangaji fedha za kulipa pango la kabla, nao wakarejesha kwa mwezi. Kinachovutia ni kwamba mpango huo unawalenga watu wenye kipato kinachoweza kuthibitishwa. Hata Serikali ilipoingia kati, ilirudi kwenye swali lile lile ambalo mwenye nyumba alishindwa kuliuliza.

Jirani zetu wa Nairobi wamezoea utaratibu tofauti. Mpangaji hulipa mwezi wa kwanza pamoja na amana, mara nyingi ya mwezi mmoja au miwili, kisha hulipa kila mwezi katika siku za mwanzo. Si kwamba Wakenya wanaaminiana zaidi. Nyuma ya utaratibu huo kuna amana yenyewe, kuna msimamizi anayekaa kwenye jengo na kubisha hodi tarehe ikipita, na kuna sheria ya kukamata mali ya mpangaji kwa deni la pango kupitia dalali wa mnada mwenye leseni. Mwenye nyumba wa Nairobi anakubali mwezi kwa mwezi kwa kuwa ana pa kushika.

Sasa mwenye nyumba wa Dar es Salaam afanyeje ili apate pa kushika bila kumkamua mtu mwaka mzima? Aanze kwa kutenganisha mambo mawili ambayo madalali hupenda kuyachanganya: utambulisho na kipato. Kitambulisho cha NIDA na barua ya serikali ya mtaa vinaeleza mtu ni nani na alikuwa akiishi wapi. Havielezi chochote kuhusu uwezo wake wa kulipa. Mwenye nyumba anayejaza faili kwa nakala za vitambulisho akidhani amefanya uchunguzi amejifariji tu.

Kwa mwajiriwa, hati ya mshahara ndiyo mwanzo, na kosa la kwanza ni kusoma mstari wa juu. Chukua mfanyakazi wa sekta binafsi mwenye mshahara ghafi wa Sh1,000,000 ambaye alisoma chuo kikuu kwa mkopo wa Serikali. Mchango wake wa NSSF ni asilimia 10, sawa na Sh100,000. Kodi ya mshahara, kwa viwango vilivyoanza kutumika Julai 2021, ni Sh103,000. Bodi ya Mikopo huchukua asilimia 15, yaani Sh150,000. Mwenye "milioni moja" huyo anabaki na Sh647,000, na hapo hatujaingiza mkopo wa benki, SACCOS wala bima. Kwa watumishi wa umma ipo kanuni inayotaka makato yasile zaidi ya theluthi mbili ya mshahara. Kanuni hiyo peke yake inatosha kuonyesha jinsi pengo kati ya mstari wa juu na wa chini linavyoweza kuwa kubwa.

Kosa la pili ni kuamini karatasi moja. Hati ya mshahara huweza kutengenezwa kwenye steshenari yoyote yenye kompyuta na mashine ya kuchapa, na anayeitengeneza hana haja ya kuwa stadi. Kinachoshinda ujanja huo ni kulinganisha nyaraka mbili zilizotoka sehemu mbili. Kiasi kilichoandikwa kama malipo halisi kwenye hati ya mshahara kionekane kimeingia, shilingi kwa shilingi, kwenye taarifa ya benki ya mwezi huo huo, na kionekane hivyo kwa miezi mitatu mfululizo. Mtumishi wa umma huchukua hati yake kwenye mfumo wa Serikali wa mtandaoni, hivyo anaweza kuombwa aifungue mbele ya mwenye nyumba kwa simu yake mwenyewe badala ya kuleta iliyochapwa.

Kuna ushahidi mwingine ambao wenye nyumba hawautumii, nao ni michango ya hifadhi ya jamii. Mwanachama wa NSSF anaweza kutazama michango yake kwa simu. Mchango wa mwajiri na wa mfanyakazi kwa pamoja ni asilimia 20 ya mshahara, hivyo ukiona Sh160,000 zimeingia kwa mwezi unajua mshahara uliotangazwa ni Sh800,000. Hesabu hiyo ni rahisi na ni vigumu kuighushi. Tahadhari moja tu: michango ikikosekana kwa miezi miwili, kosa linaweza kuwa la mwajiri anayechelewesha, na si vema mfanyakazi aadhibiwe mara mbili kwa uzembe wa bosi wake.

Mwenye nyumba akiamua kupiga simu kazini kwa mwombaji, atafute namba ya ofisi mwenyewe. Namba aliyopewa na mwombaji inaweza kuwa ya shemeji yake. Aulize jambo moja tu ambalo ofisi inaweza kulijibu kwa idhini ya mfanyakazi, yaani kama mtu huyo bado ameajiriwa na kama mkataba wake una ukomo. Swali la ukomo lina uzito kuliko linavyoonekana. Mji huu una maelfu ya watu wanaofanya kazi za miradi kwa mikataba ya mwaka mmoja au miwili. Mshahara mnono unaokoma baada ya miezi minne hauna thamani kwa mkataba wa nyumba wa miezi 12.

Haya yote ni mepesi ukilinganisha na kundi la pili, ambalo ndilo kubwa zaidi mijini. Mwenye duka, mama lishe, fundi, dereva wa bodaboda, mshonaji, muuza mitumba: hawa hawana hati ya mshahara na hawatakuwa nayo. Wenye nyumba wengi huwaona kama watu wa kubahatisha, na ndio wanaobanwa zaidi na sharti la mwaka. Lakini tangu huduma za kutuma fedha kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008, hata wao wanaacha nyayo. Taarifa ya miamala ya miezi sita, ambayo mteja huweza kuiomba kwa kampuni yake ya simu, inaeleza mengi kwa anayejua kuisoma.

Asiyejua kuisoma, taarifa hiyo itampotosha. Mwenye duka la rejareja Manzese anaweza kuonyesha Sh6,000,000 zilizoingia kwa mwezi mmoja. Hizo ni mauzo. Akitoa Sh5,200,000 za kununulia mzigo anabaki na Sh800,000. Akilipa fremu Sh150,000, umeme na usafiri wa mzigo Sh60,000, na marejesho ya mkopo Sh140,000, kilichobaki ni Sh450,000, na familia yake haijala. Mwenye nyumba aliyeona milioni sita atampangisha nyumba ya Sh400,000 bila wasiwasi, kisha baada ya miezi michache atashangaa mfanyabiashara mkubwa namna ile anawezaje kushindwa kulipa.

Dereva wa bodaboda naye lazima aulizwe chombo ni cha nani. Kama analipa hesabu ya Sh10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, hizo ni kama Sh260,000 kwa mwezi zinazokwenda kwa mwenye pikipiki, na bado mafuta. Dereva mwenye pikipiki yake, aliyemaliza marejesho, ni mtu tofauti kabisa kiuchumi hata kama wote wawili wanakaa kijiwe kimoja na kuvaa kizibao cha rangi moja.

Halafu kuna misimu. Mama lishe mauzo yake ya mchana hupungua mwezi wa Ramadhani. Mwalimu wa masomo ya ziada hukosa wanafunzi shule zikifungwa. Mwenye duka la vifaa vya shule huvuna Januari na kulala Machi. Wastani wa miezi sita huficha mabonde haya. Kwa maoni ya mwandishi, mwenye nyumba afanye hesabu kwa miezi mitatu iliyo dhaifu kati ya sita aliyoonyeshwa, kwa sababu pango hudaiwa mwezi mbaya sawa na mwezi mzuri. Na atazame yale yanayojirudia: fedha zinazotoka kila wiki kwenda namba ile ile kwa kiasi kile kile kwa kawaida ni marejesho.

Ni kiasi gani basi kinatosha? Nchini Marekani wenye nyumba wengi hutumia kanuni ya mara tatu, kwamba kipato cha mpangaji kiwe angalau mara tatu ya pango. Kwa kanuni hiyo, yule mwenye Sh647,000 baada ya makato anaweza nyumba ya takriban Sh215,000. Kama mwongozo si mbaya, ila isichukuliwe kama msahafu. Kuna mtu anayepanda mabasi mawili asubuhi na mawili jioni, analipia maji ya boza, na kila mwezi anatuma fedha kijijini. Kwake theluthi moja ni nzito. Kuna wanandoa ambao kila mmoja peke yake hafikii, lakini kwa pamoja wanavuka bila shida, na ni ajabu kuona wenye nyumba wakimhoji mume kuhusu kazi huku mke mwenye saluni inayolipa kuliko kazi hiyo ameketi pembeni akisubiri.

Hapo ndipo suala hili linapogusa haki. Mwenye nyumba asiyeweza kupima kipato hupima vingine. Humpima mwanamke asiye na mume na kumwona hatari. Humpima mtu kwa kabila, kwa mavazi, kwa gari aliloazima kuja nalo kutazama nyumba. Binti mwenye miaka 27 anayejitegemea na mwenye mshahara wa uhakika hukataliwa akiambiwa arudi na mzazi au mchumba, na nafasi ikachukuliwa na mwanamume aliyevaa vizuri. Kuulizwa kipato kunaweza kuonekana ni kuingiliwa faragha, lakini ni swali lenye jibu linaloweza kukaguliwa, na anayelijibu vizuri anapaswa kuwa amemaliza.

Faragha yenyewe haipaswi kudharauliwa. Taarifa ya miamala inaonyesha nani anakutumia fedha, hospitali gani umelipia, unamsaidia nani na kwa kiasi gani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, pamoja na Tume ya kuisimamia. Msingi wake ni kwamba taarifa zikusanywe kwa lengo halali linaloeleweka, na zisitumike kwa jambo jingine. Kwa mwenye nyumba hii ina maana ya kawaida tu: aone, afanye hesabu yake, arudishe. Hana sababu ya kubaki na nakala ya miamala ya mtu aliyemkataa.

Dalali, kwa upande wake, asiguse nyaraka hizo kabisa. Kinachofanyika sasa cha kupiga picha vitambulisho na hati za mshahara na kuzirusha kwa WhatsApp kutoka dalali mmoja hadi mwingine ni mwaliko kwa matapeli. Mji huu unaujua vizuri ujumbe ule unaosema, "Ile hela tuma kwenye namba hii", na ndugu yake anayejitambulisha kuwa ni mwenye nyumba wako aliyebadilisha laini. Tapeli anayejua jina lako, mtaa unaohamia na kiasi cha pango lako hahitaji kubahatisha tena.

Linabaki jambo ambalo wenye nyumba hawapendi kulisikia. Anayedai hati naye atoe hati. Pango linatozwa kodi ya zuio ya asilimia 10, na hii ni sababu mojawapo inayowafanya wengi wapende taslimu, mkataba wa mdomo na risiti ya daftari la shule. Mwenye nyumba hawezi kumtaka mpangaji afungue taarifa zake za benki za miezi sita huku yeye mwenyewe hayuko tayari kuthibitisha kwamba nyumba ni yake, au kuandika kwamba amepokea fedha. Mpangaji mwerevu atauliza hati ya umiliki au ya mauziano siku ile ile anayoonyesha mshahara wake.

Kwa wale walio tayari kujaribu, makubaliano yanayowezekana si ya kigeni: pango la miezi mitatu ya kwanza, amana ya mwezi mmoja iliyoandikwa kwenye mkataba pamoja na masharti ya kurejeshwa, kisha malipo ya kila mwezi kwenye akaunti au namba moja ya simu iliyotajwa ndani ya mkataba huo na isiyobadilishwa kwa ujumbe mfupi. Kwa ile nyumba ya Tabata, muuguzi wetu angehitaji Sh1,000,000 badala ya Sh3,000,000, na kwa akiba yake ya Sh800,000 angebakiza Sh200,000 za kutafuta, pamoja na ujira wa dalali. Mshahara wa mwezi mmoja unazifikia fedha hizo. Na baada ya mwaka wa kulipa kwa njia hiyo atakuwa na jambo ambalo mlipaji wa mkupuo hana: malipo ya mwezi hadi mwezi yenye tarehe na kiasi, ambayo mwenye nyumba wa Segerea au Kimara anaweza kuyasoma kwa dakika tano siku muuguzi atakapohama.